Leseni za Programu: Kodi ya Chumba au ya Ploti Nzima?

Katika mitaa ya Mashariki mwa Nairobi, kugawa nyumba si jambo geni. Mradi wa Dandora ulipoanzishwa miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, waliopewa viwanja walijenga vyumba na kupangisha baadhi yavyo. Paa ni moja na lango ni moja, lakini kila mpangaji hulipa kodi ya chumba chake. Mantiki hii nyepesi imekosekana katika biashara ya programu za tarakilishi.

Seva moja yenye nguvu huweza kugawanywa katika sehemu kadhaa, kila sehemu ikijiendesha kama tarakilishi kamili. Chama cha akiba na mikopo kinaweza kuweka hesabu za wanachama katika sehemu moja na barua pepe katika nyingine. Je, leseni ya programu ya hesabu hulipiwa sehemu hiyo tu, au seva nzima?

Makampuni yanakinzana. IBM humruhusu mteja kulipia sehemu anayoitumia, mradi aweke programu ya kupima matumizi na kuhifadhi ripoti zake. Asipofanya hivyo, hudaiwa uwezo wote wa seva. Sera ya Oracle hutambua sehemu za seva za IBM zilizowekewa kikomo, ilhali mgawanyo unaofanywa kwa VMware haitambui. Hivyo, chama kinachotumia viini 4 vya prosesa katika seva ya viini 16 huweza kudaiwa vyote 16, yaani mara nne ya matumizi yake.

Watetezi wa utaratibu huo husema kwamba kuta za aina hii huhamishwa kwa dakika chache, na mteja asiye mwaminifu anaweza kulipia chumba kimoja huku akilala katika vyote. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, dawa ya mpangaji mdanganyifu ni mita, wala si kuwatoza wote bili ya ploti. Maadamu IBM imeonyesha kuwa kupima kunawezekana, kisingizio hicho hakitoshi.

La kusikitisha zaidi ni kwamba masharti haya huandikwa kwa Kiingereza cha mawakili. Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na kifungu cha 46 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari zinazomwezesha kufaidi kikamilifu bidhaa anazonunua. Asiyeelewa mkataba hutia sahihi deni asilolijua, au hukimbilia nakala haramu na kuvunja Sheria ya Hakimiliki ya 2001.

Hapana budi wanunuzi wadai masharti ya mgawanyo kwa maandishi kabla ya kulipa, na wazipime pia programu huria kama PostgreSQL, ambazo hazihesabu viini. Wasomi wa Kiswahili nao wana kazi. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilihusika katika kutoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Lugha iliyoweza kubeba programu nzima haiwezi kushindwa na mkataba wake.