Onja na Ugali, Ndio Uandike

Nimechoka kuambiwa mvinyo fulani "unaendana vyema na nyama ya mwanakondoo iliyookwa kwa rozimari". Mwanakondoo gani, bana? Huku Roysambu, Jumanne jioni ni ugali na sukuma, na siku za neema ni matumbo ya mia na hamsini kutoka kibandani. Chupa inauzwa 950 kwenye supamaketi iliyo chini ya fleti yangu. Anayeiandikia anajua vizuri sana nani ataibeba hadi orofa ya nne na chakula gani kitakuwa kwenye sufuria. Ameamua tu kwamba huyo hahitaji kuandikiwa.

Wanaoandika kuhusu mvinyo Nairobi siku hizi ni wengi, na wengi wao ni wa aina mbili. Kuna wanaonakili maneno ya nyuma ya chupa, harufu ya ngozi, tumbaku na matunda ambayo hata sokoni Gikomba huwezi kuyapata. Halafu kuna wanaolipwa na mwagizaji. Hawa wa pili nawajua kwa sababu nilialikwa niwe mmoja wao. Mimi huandika kwa kulipwa kwa neno. Nilitoka chuo mwaka wa tatu, karo iliposhinda nyumbani, na tangu hapo nimeandika matangazo ya ploti, CV za watu, hata barua za kuomba mkopo. Mwaka jana tovuti moja ikanipa kazi ya kuandika mvinyo kumi bora chini ya elfu mbili. Orodha ilikuja tayari. Chupa hazikuja. Nikauliza nitaonja vipi. Jibu likawa, weka nyota nne au tano, usishuke chini ya nne. Nikapendekeza tuongeze angalau boksi moja la lita tano, lile ambalo watu hununua kwelikweli wakiwa na sherehe ya kuhamia nyumba. Kazi ikapewa mtu mwingine, na makala ikatoka vile vile, nyota zikimeremeta kama mti wa Krismasi.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Shuleni tulifundishwa methali hii kama onyo kwa watoto wenye majivuno, lakini hebu isome tena polepole. Hiyo ni kauli ya wanywaji. Mtu aliyeketi chini ya minazi ya Kilifi anajua tembo la asubuhi likiwa bado tamu, anajua la jioni lililokwisha kukolea, na anajua siku mgema alipochota kisimani. Anasema pale pale, mgema akisikia. Hana cheti chochote. Kwa hiyo asije mtu kuniambia kuonja kinywaji na kukitolea hukumu ni mambo ya Wazungu. Hata neno lenyewe, mvinyo, tulilichukua kwa Wareno karne nyingi zilizopita na likakaa. Divai ikaja baadaye na wamisionari wa Kifaransa. Waini ndiyo hii yetu ya mtaani.

Wenye vyeti siwadharau. Lakini huko California kuna profesa mstaafu na mtengenezaji mvinyo, Robert Hodgson, ambaye kuanzia 2005 aliwapima waamuzi wa shindano la mvinyo la jimbo hilo. Bila wao kujua, waliletewa mvinyo uleule mara tatu, kutoka chupa ileile. Ni karibu mmoja tu kati ya kumi aliyeweza kutoa alama zinazokaribiana mara zote tatu. Hao ni wataalamu wazoefu, waliokaa makusudi kuonja. Sasa alama 88 zitaniambia nini kuhusu chupa nitakayoinywa kwenye bedsita omena ikikaangwa hatua mbili kutoka kitandani?

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Mvinyo ukionjwa peke yake ni kitu kimoja, ukiwa na chakula mdomoni ni kingine kabisa, na chakula ndicho kinachoamua. Chukua ule ukakasi wa mvinyo mwekundu, unaokausha ulimi kama bibo au chai ya rangi iliyosahaulika na majani yake. Ukakasi huo hushikana na protini iliyo kwenye mate. Ukila mutura, yenye mafuta, chumvi na moshi, ukakasi unapata kazi nyingine na mvinyo unalainika. Kunywa mvinyo huohuo na managu na utajuta, maana uchungu wa mboga na ukakasi wa zabibu hupandana. Kachumbari ndiyo mtihani mkubwa zaidi. Nyanya na ndimu zina uchachu wake, na mvinyo usio na uchachu wa kutosha ukikutana nazo hufa, unaonja kama maji yaliyosuuza glasi. Omena na mvinyo mwekundu? Mwaka 2009 watafiti wa Japani walionyesha kwamba madini ya chuma yaliyo kwenye mvinyo mwekundu ndiyo huleta ile shombo inayobaki kooni ukila vitu vya baharini. Mimi nimeipata kwa omena wa ziwani pia, na kwa omena wenye ndimu nitachagua Chenin Blanc kavu wa Afrika Kusini kila siku ya wiki. Zabibu hiyo ndiyo nyeupe inayopandwa zaidi kule, kwa hiyo hata chupa za bei ya chini huwa na kitu ndani. Umewahi kuona mojawapo ya maneno haya kwenye orodha zenu za nyota nne?

Kisha kuna hii dharau ya mvinyo mtamu, na hapa ndipo ninapopandisha sauti. Msichana akiagiza mwekundu mtamu kwenye hoteli ya Westlands, mhudumu anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Mtandaoni ni vichekesho: waini ya wasichana wa chuo, waini ya maboksi, juisi. Four Cousins, ile ya binamu wanne wa ukoo wa Retief kule Robertson, ndiyo iliyowafungulia mlango wengi ninaowajua, na wenyewe sasa wanaona haya kuitaja. Haya ya nini? Weka pilau mezani, yenye karafuu, mdalasini na kachumbari ya pilipili mbuzi. Pilipili na pombe kali haviketi pamoja, kila tone la alkoholi linaongeza moto. Sukari inaupoza. Mvinyo mtamu mara nyingi huwa na alkoholi asilimia nane hivi, na ukiutoa kwenye friji, hata ule mwekundu, pilau inapata mwenzake. Riesling tamu kutoka bonde la Mosel, Ujerumani, husifiwa na wakubwa wote wa mvinyo kwa chakula cha Kithai chenye pilipili. Wanaoisifu huko ndio wanaoigwa na wanaotucheka hapa. Pilau ikiwa na binamu wanne, ghafla ni ushamba.

Sisemi kila mvinyo mtamu wa bei ya chini ni mzuri. Nyingine ni sukari tupu isiyo na uchachu wa kuishikilia, kama sharubati iliyoachwa kwenye dirisha la jua. Lakini utaijuaje hiyo na ile, kama mwandishi amezifukuza zote mlangoni kwa sababu ya neno "tamu"?

Na usidhani sisi wa 950 ni wateja wa pembeni. Sheria iliyobadilishwa Desemba 2024 inatoza ushuru wa mvinyo kwa alkoholi iliyomo: shilingi 22.50 kwa kila sentilita ya alkoholi halisi. Chupa ya mililita 750 yenye asilimia 12 ina sentilita tisa. Piga hesabu, ni shilingi 202.50, kabla hujagusa ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16. Chupa ya elfu tano yenye nguvu hiyohiyo inalipa 202.50 hiyohiyo. Kwenye chupa yangu ushuru huo ni zaidi ya robo moja ukiulinganisha na pesa zinazobaki baada yake. Kwenye ya tajiri ni chenji ya Uber. Maana yake ni kwamba kilichobaki cha kununua mvinyo wenyewe kwenye chupa yangu ni kidogo, na kosa dogo la kuchagua linaniumiza mimi kuliko yeye. Anayehitaji sana mtu wa kumwonjea kwa uaminifu ni nani basi? Mwenye sela ya mbao Karen akikosea, anafungua nyingine. Mimi nikikosea nimekunywa nauli ya wiki.

Ndio maana sisi watano hapa kwenye fleti tuliamua kujionjea. Kuna mshonaji, nesi, dada wa M-Pesa, msee wa boda na mimi. Jumamosi ya mwisho wa mwezi kila mtu anatoa mia nne. Tunanunua chupa mbili, chakula kinapikwa kwanza, na chupa zinavishwa soksi. Soksi safi, msianze. Hakuna anayeruhusiwa kuonja tumbo likiwa tupu, na hiyo sheria aliileta nesi. Ina faida nyingine: Nairobi tumezoea kunywa kwanza na kula saa nane usiku, tukiwa hatujui tunakula nini. Ukila huku unakunywa, chupa mbili zinatosha watu watano na kila mtu anaamka aende kanisani au kazini. Glasi hatuna za kutosha, kwa hiyo wawili hutumia vikombe vya chai. Kwenye migahawa ya Italia mvinyo wa nyumba huja kwenye jagi na kunywewa kwa bilauri ya maji, sijui sisi tunamwogopa nani.

Nyota hatutoi. Swali ni moja: ungeinunua tena, kwa pesa zako, kwa chakula hiki? Tunaandika nyuma ya kalenda ya ukutani. Pinotage ya 1,100 na mutura, wanne ndiyo, mmoja hapana. Chenin na omena, ndiyo tano. Boksi jekundu na chapati madondo, watatu ndiyo, na dada wa M-Pesa akasema angeinunua hata bila madondo. Mara moja shangazi yake mshonaji alituachia Cabernet ya 2,400. Na ugali kwa managu ilipata hapana tano, ilikuwa kama kutafuna penseli. Tuliyobakiza tuliinywa kesho yake na mbavu za mbuzi, na hapo sikatai, iliwika. Alama 88 zisingetuambia lolote kati ya hayo mawili.

Kwa hiyo nyinyi mnaoandika, mambo matatu tu. Semeni bei, na mliinunua wapi. Semeni mlikula nini nayo, na iwe chakula kinachopikwa kwenye meko ya gesi ya kilo sita. Na semeni nani alilipia chupa. Kama hamuwezi hilo la tatu, acheni la kwanza na la pili pia, tutajisomea wenyewe nyuma ya chupa.

Sisi mwezi ujao ni githeri. Dodoma, pale katikati ya Tanzania, huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, lakini kwenye supamaketi ninazoingia sijawahi kukuta chupa yao hata moja, wakati za Afrika Kusini zimejaza rafu nzima. Msee wa boda ana binamu anayefanya kazi kwenye basi la Arusha. Tumeshamtumia pesa atuletee moja, nyekundu, kavu. Mshonaji anasema githeri itaishinda. Nimemwekea mia.