Vita vilipiganwa Taita Taveta, mbona vitabu vyake viko mbali?

Ukipanda matatu pale stage ya Voi kuelekea Taveta, utapita Mwatate, Bura, Maktau na Mbuyuni, kisha kilima cha Salaita kabla ya kuingia mjini. Wengi wetu humaliza safari hiyo macho yakiwa kwenye simu. Ukishuka Taveta, umepita katikati ya uwanja wa Vita vya Kwanza vya Dunia bila hata kugeuza shingo.

Tukumbushane kidogo. Agosti 1914, wanajeshi wa Ujerumani walivuka mpaka kutoka upande wa Tanganyika wakateka Taveta. Waliishikilia kwa karibu miezi 19. Waingereza, ili wawang'oe, walianza mwaka 1915 kujenga reli kutoka Voi kwenda magharibi, wakapiga kambi kubwa Maktau na Mbuyuni. Februari 12, 1916 waliivamia Salaita, wakachapwa na kurudi nyuma. Mwezi uliofuata ndipo walipopenya, baada ya mapigano makali usiku kucha kwenye vilima vya Latema na Reata.

Mambo haya yameandikwa. Kuna vitabu vya majenerali, vya madaktari wa jeshi, vya wanahistoria, vingine vikiwa na ramani zinazoonyesha vilima unavyoviona ukiwa shambani kwenu. Lakini vingi vimetulia kwenye rafu za Uingereza, Ujerumani na Afrika Kusini, ambako kuna watu wanaovikusanya kwa bidii, wakibishana kama nakala ni ya toleo la kwanza au imechapishwa upya. Huku kwetu, kijana anaweza kuzaliwa Mbuyuni, akasoma hadi chuo kikuu, na asiwahi kushika hata kimoja.

Msimamo wangu ni huu: vijana wa Taita Taveta tuanze kuvikusanya vitabu hivi. Orijino tukibahatika, chapa mpya tukishindwa. Sisemi hivi kwa sababu ya kupenda bunduki. Nasema hivi kwa sababu asiye na kitabu mkononi husimuliwa historia yake na mgeni, kisha huambiwa ashukuru.

Kwanza tuelewane kuhusu orijino na chapa mpya, maana hapa ndipo wengi huuziwa mbuzi kwenye gunia. Toleo la kwanza ni kitabu kilivyotoka mara ya kwanza. Chapa mpya ni kitabu kilekile kilichorudishwa mtambo miaka mingi baadaye, mara nyingi na kampuni nyingine kabisa. Kuna chapa mpya safi, zilizotengenezwa kwa uangalifu. Kuna nyingine ambazo mtu ameskani kitabu cha maktaba na kukichapisha mteja anapoagiza, kurasa zikiwa zimepinda na maneno yamefifia. Kinachoumia zaidi ni ramani. Vitabu vya zamani vya vita vilikuwa na ramani za kukunjua, na aliyeskani kwa haraka huziacha zikiwa zimekunjwa. Unanunua kitabu cha vita vya Salaita, na Salaita yenyewe haionekani!

Kwa hivyo kabla hujalipa, fungua ukurasa wa jina na ule wa nyuma yake. Angalia mwaka, mchapishaji na mji. Kama ni mtandaoni, mwombe muuzaji picha ya kurasa hizo mbili pamoja na ramani. Akianza kona kona, achana naye.

Sasa tuje kwenye vitabu vyenyewe. Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alitoa kumbukumbu zake mwaka 1920, na mwaka huohuo zikatoka London kwa Kiingereza kwa jina My Reminiscences of East Africa. Mwaka huohuo tena alitoa kitabu kingine, Heia Safari!, kilichoandikwa kwa ajili ya vijana wa Ujerumani. Hebu fikiria hilo. Miaka miwili tu baada ya vita, kijana wa Berlin alikuwa na kitabu chake kuhusu vita vilivyopiganwa kwetu, tena chenye neno letu "safari" kwenye jalada. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, kijana wa Voi bado anasubiri chake.

Upande wa Waingereza kuna historia rasmi ya serikali, Military Operations: East Africa, iliyoandikwa na Charles Hordern na kuchapishwa London mwaka 1941, dunia ikiwa katikati ya vita vingine. Orijino yake ni adimu, na bei yake inaweza kumeza kodi ya bedsitter ya miezi kadhaa. Bahati nzuri kimechapishwa upya. Lakini kisome jalada kwa makini: kinaanza Agosti 1914 na kuishia Septemba 1916. Ni juzuu ya kwanza. Juzuu ya pili haikuwahi kuchapishwa.

Je, nini kilitokea baada ya Septemba 1916? Hapo ndipo mambo yalipowageukia wapagazi. Mwaka 1917 serikali ya kikoloni iliwasomba wanaume wa Kenya kwa wingi ili wabebe chakula na risasi hadi kusini mwa Tanganyika, ambako waliuawa na njaa, kuhara, malaria na uchovu kuliko risasi. Historia rasmi inasimama kabla ya kuufikia mwaka huo. Jambo hilo hutalijua kwa kusikia kuwa kuna "historia rasmi". Utalijua siku utakapoishika na kuona mahali inapokatika.

Pengo hilo lilizibwa kwa kiasi na Geoffrey Hodges, aliyewahoji wazee waliokuwa wapagazi wakati wangali hai. Kitabu chake kilitoka Marekani mwaka 1986 kwa jina The Carrier Corps. Mwaka 1999 kikatolewa Nairobi na Nairobi University Press kwa jina Kariakor. Ndiyo, Kariakor ile ya Nairobi unayoijua kwa nyama choma na vikapu, dadake Kariakoo ya Dar es Salaam. Majina yote mawili yametoka kwa kikosi hicho cha wapagazi.

Ona basi jinsi thamani inavyoweza kugeuka. Mkusanyaji wa ng'ambo atataka toleo la 1986 kwa sababu ndilo la kwanza. Mimi ningekushauri utafute lile la Nairobi, la 1999. Limechapishwa nyumbani, jina lake linasomeka mtaani, na halikutoka kwa wingi wa kutupwa. Ukilikuta kwa inama bookshop limelala katikati ya vitabu vya hesabu na riwaya za mapenzi, usijifanye unafikiria. Lipia.

Kukusanya hakumaanishi kuamini kila kitu. Richard Meinertzhagen, aliyekuwa ofisa wa ujasusi wa Waingereza katika vita hivi, alichapisha shajara yake, Army Diary, mwaka 1960. Inasomeka kama sinema. Shida ni kwamba watafiti waliokuja baadaye wamegundua kuwa jamaa alipenda kutia chumvi, na mengine aliyatunga. Ukiwa na kitabu hicho peke yake, utadanganywa. Ukikiweka kando ya Hordern na Lettow-Vorbeck, utaanza kuona nani anasema nini na kwa nini. Kadhalika hadithi ya mwanamke wa Kijerumani aliyejificha ndani ya mbuyu akiwalenga Waingereza risasi, ambayo wageni husimuliwa wakipita Mbuyuni. Ni tamu, lakini iko kwenye maandishi gani ya wakati ule? Kijana mwenye rafu ya vitabu ndiye anayeweza kuuliza hivyo.

Najua kuna atakayesema, "Bana, hivyo vilikuwa vita vya wazungu." Waulize watu wa Kasigau. Mwaka 1915 Waingereza waliwatuhumu kuwa wamewasaidia Wajerumani, wakawafurusha kutoka kwenye mlima wao na kuwapeleka hadi Malindi. Wengi hawakurudi. Jeshi la King's African Rifles, lile wazee walilolijua kama Keya, lilipigana Latema. Vitabu vinatuhifadhia jina la kamanda wake, Luteni Kanali Graham, aliyeuawa pale. Sasa tafuta majina ya askari Waafrika waliokufa kando yake usiku huo. Utatafuta sana.

Hili si lalamiko la kijiweni. Mwaka 2021, tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti ikikiri kuwa wafu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walitoka Afrika Mashariki na Misri. Tume iliomba radhi. Voi na Taveta kuna makaburi yanayotunzwa na tume hiyohiyo, nyasi zimekatwa na mawe yamepangwa kwa mistari. Nenda usome majina. Kisha jiulize babu wa babu yako, aliyebeba gunia la mchele kuelekea Rufiji, jiwe lake liko wapi.

Mwingine atasema PDF zipo bure. Kweli, na zitumie. Vitabu kadhaa vya zama hizo, kama Marching on Tanga cha daktari wa jeshi Francis Brett Young cha mwaka 1917, unaweza kuvisoma mtandaoni bila kulipa hata bob. Lakini PDF haipitishwi kutoka kwa shosho hadi kwa mjukuu sebuleni. Haiwekwi mezani mzee akaweka kidole juu ya ramani na kusema, "Hapa palikuwa na kisima, na jina hili wameliandika vibaya." Kitabu huwaita watu wakae pamoja.

Pesa je? Hapa tutumie akili ya chama. Vijana kumi wakichanga mia mbili mbili kila mwezi, ndani ya muda mfupi wana chapa mpya moja nzuri. Mwaka ukiisha wana rafu ndogo. Rafu hiyo ikae mahali pa umma: maktaba ya Voi, shule, au Chuo Kikuu cha Taita Taveta, si chumbani kwa mwenyekiti. Waongoza watalii wetu, hasa, waisome. Inaumiza mgeni kutoka Cape Town akimfundisha mwenyeji habari za Salaita akiwa amesimama juu ya Salaita.

Tena tuwe na kanuni mbili. Orijino haiandikwi, haikatwi ramani, haianikwi juani. Vumbi jekundu la Voi na mchwa ni maadui tosha. Chapa mpya, kinyume chake, iandikwe mpaka ichoke. Pembeni mwa ukurasa tia jina la kijiji ambalo mwandishi alilikosea. Tia jina la babu aliyechukuliwa mwaka 1917 na simulizi iliyobaki nyumbani kwenu. Waulize wazee wa Kasigau, Bura na Taveta walichosikia kutoka kwa wazazi wao, kisha weka tarehe na jina la aliyekusimulia, kwa ruhusa yake.

Nakala hiyo iliyojaa wino haitakuwa na bei kubwa kwenye minada ya London. Wakusanyaji wa kule hukasirika wakiona kitabu kimechorwachorwa. Waache wakasirike. Juzuu ya pili ya Hordern haikuchapishwa, na hakuna atakayetuandikia ya kwetu. Tunaweza kuianza pembeni mwa kurasa za ile ya kwanza, kwa mwandiko wetu na kwa majina yetu.