Walihukumiwa Kuwa Duni

Kwa miaka mingi vitabu vilifundisha kwamba wanyama wala nyama wa kale wa Amerika ya Kusini, jamaa wa mbali wa kangaruu, walitoweka kwa kuwa walikuwa duni. Wageni bora walitoka kaskazini wakawashinda. Hoja ya namna hiyo twaijua, maana hata babu zetu waliambiwa hivyo na waliowatawala. Sisi twaikataa, na mifupa nayo yaikana. Thylacosmilus wa Argentina, mwenye meno ya juu marefu kama majambia, tena yasiyokoma kukua, alitoweka yapata miaka milioni 3 iliyopita, dunia ilipokuwa ikipoa. Paka wakubwa walioshangiliwa kuwa washindi wake walikuwa bado hawajafika huko.