Sufuria zimenasa, mshahara wa dada unahusikaje?

Wadau, leo tuachane kidogo na siasa, twende jikoni. Nitaongea kwa ukali, kwa hiyo atakayejiona humu asininunie, ajirekebishe tu yaishe.

Kuna tabia nimeiona Tabora, nimeiona Dar, na sina shaka hata huko uliko ipo. Sufuria mbili za seti zimenasa, moja ndani ya nyingine. Zinavutwa, hazitoki. Mama mwenye nyumba anaita, dada wa kazi anakuja mbio. "Nani kazipanga hivi?" Anauliza kana kwamba nyumba hiyo ina wapishi kumi. Hapo zoezi linaanza: kisu kinapenyezwa ukingoni, mchi wa kinu unaletwa, mwisho sufuria zinabamizwa sakafuni mpaka majirani wanachungulia. Zikija kuachana, moja ina bonde ubavuni, nyingine mdomo umepinda na mfuniko haukai tena. Mwisho wa mwezi dada anakatwa mshahara.

Jirani mmoja pale Isevya, mtu mwenye digrii yake safi, alinieleza hesabu hiyo kwa kujivuna kabisa. Eti "ili ajifunze".

Ajifunze nini? Hilo ndilo swali langu la leo. Kwa sababu anayetakiwa kujua kwa nini sufuria zinanasa ni yule aliyekaa darasa la fizikia, na huyo si dada.

Tukumbushane. Sekondari mwalimu alikuja na tufe la chuma na pete yake. Tufe likiwa la baridi linapita, likipashwa moto halipiti. Tukaandika kwenye madaftari, tukachora, tukajibu mtihani kwa Kiingereza, wengine tukapata A. Halafu tukarudi nyumbani kubamiza sufuria sakafuni! Somo lilibaki kwenye Kiingereza chake, jikoni kukabaki na Kiswahili chake, na hawa wawili hawajawahi kutambulishwa. Huyu dada aliyeishia darasa la saba pale Sikonge au Urambo hakuwahi kuliona hilo tufe. Mwenye elimu ndiye anayekata mshahara, asiye nayo ndiye anayelipa. Jamani!

Kinachotokea ni hiki. Sufuria ya nje imetoka kuoshwa kwa maji ya moto, imepanuka. Ya ndani ni ya baridi, inaingia vizuri mpaka chini. Baada ya muda ya nje inapoa, inasinyaa, inaibana ya ndani. Mafundi wa reli waliijua kanuni hii tangu enzi za treni za moshi: bangili ya chuma ya gurudumu ilipashwa moto ikapanuka, ikavishwa, na ikishapoa haikuchomoka kirahisi. Reli ilifika hapa Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, kwa hiyo kanuni hiyo imekuwa ikipita mjini kwetu kwa zaidi ya miaka mia moja ikipiga honi.

Halafu kuna hewa. Hii ndiyo inayonifurahisha mimi. Sufuria zikipachikwa zikiwa za moto na mbichi, hewa ya moto inafungiwa kati ya vitako viwili, na unyevu unaziba ukingoni. Hewa hiyo ikipoa kutoka nyuzi 70 hadi 30, kanieneo yake inapungua kwa karibu asilimia 12. Mnaona ni kidogo? Chukueni sufuria ya kipenyo cha sentimita 25, hapa Tabora tulipo kwenye kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Kama pameziba kabisa, hewa ya nje inaikandamiza kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 50. Mfuko mzima wa saruji! Mpagazi wa Kinyamwezi aliyetoka hapa kwenda Bagamoyo alibeba mzigo wa kama kilo 30, na alikuwa mwanaume aliyeizoea kazi yake. Wewe unamsimamia binti wa miaka kumi na minane unamwambia "vuta kwa nguvu".

Sasa ukishajua sababu, dawa inakuja yenyewe. Ya nje ipanuke, ya ndani isinyae. Weka sufuria zote mbili kwenye beseni la maji ya moto, yapande ubavuni mwa ile ya nje bila kumwagikia ndani. Ile ya ndani ijaze maji ya baridi, na ukipata barafu za paketi pale dukani ni bora zaidi. Subiri dakika mbili tatu. Dondoshea mafuta ya kula ukingoni, shika kwa kitambaa, zungusha huku unainua. Alumini ina sifa ya kupanuka karibu mara mbili ya chuma cheusi, na hata chuma cha pua cha kawaida inakizidi. Kwenye sufuria ya sentimita 30, tofauti ya nyuzi 50 inakupa kama theluthi moja ya milimita. Ni ndogo, lakini kilichozishika nacho ni kidogo vilevile. Zikigoma, rudia na maji mapya.

Na tafadhali, msizitie kwenye jiko la mkaa mkidhani mnazilegeza. Moto unazipasha zote mbili, zinapanuka pamoja, hakuna mlichofanya. Tena kama kuna maji yamefungiwa katikati yakageuka mvuke, sufuria ya juu inaweza kuruka na mtu akaungua uso. Na tunajua atakayekuwa ameinamia jiko ni nani.

Najua watakuja wa kusema, "Lakini nimemwambia mara ngapi asipachike sufuria mbichi." Sawa, ulimwambia. Ulimwambia kwa nini? Na ulimpa mahali pa kuzipanga? Jiko lenyewe upana wake hatua mbili, kabati hakuna, seti ya sufuria saba uliyopewa kwenye kicheni pati inatakiwa ikae pembeni ya ndoo. Kuzipachika ndiyo njia pekee uliyomwachia.

Tuje kwenye pesa sasa, maana hapa ndipo wasomi wenzangu mnaponiudhi zaidi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, haikuruhusu kukata mshahara kwa hasira. Ili umkate mtu kwa hasara, iwe imetokea kazini kwa kosa lake, umweleze kwa maandishi sababu na hesabu, umpe nafasi ya kujitetea, usizidishe hasara halisi, na makato yote yasizidi robo ya mshahara wake. Kwa maandishi, wadau! Nani kati yenu amewahi kumwandikia dada barua kuhusu sufuria? Amri ya mishahara ya 2013 iliweka kima cha chini cha Sh 40,000 kwa mwezi kwa dada anayeishi kwa mwajiri wa kawaida, na kimepandishwa tangu hapo. Robo ya hiyo ilikuwa Sh 10,000. Kuna watu walikata zaidi ya hapo kwa sufuria waliyoibamiza wenyewe.

Halafu tunajisifu kwa historia. Mgeni akija tunampeleka Kwihara kwenye tembe la Livingstone, tunamwonyesha miembe, tunamsimulia misafara ya Ujiji. Tunasahau kumsimulia kwamba wapagazi walikuwa watu wa mshahara, na walijua kuulinda. Mwanahistoria Stephen Rockel ana kitabu kizima juu yao, kilichotoka mwaka 2006. Posho ikipunjwa, mizigo ilishushwa njiani, na bwana wa msafara alibaki amekaa na pembe zake mpaka waelewane. Dada wa kazi hana wenzake mia wa kushusha nao mzigo. Yuko peke yake jikoni kwako, na nauli ya kurudi kwao unayo wewe.

Kwa jirani yangu wa Isevya, kama unasoma: rudisha ile pesa mwezi huu. Na seti ikishakauka, weka kipande cha gazeti kati ya sufuria na sufuria. Magazeti ya zamani kwako hayakosi.