Ufa Haukuzuka Wenyewe: Kila Raia Aijue Timazi

Mwanafunzi mpenzi, methali isemayo usipoziba ufa utajenga ukuta umeikariri tangu kidato cha kwanza. Umeieleza maana ya nje na ya ndani, ukapewa alama zako. Nami nakuuliza swali ambalo mtihani haukuulizi: ufa wenyewe ulitoka wapi? Nyufa zina sababu nyingi, kama vile msingi mfupi, saruji haba na udongo usioshindiliwa. Lakini mara nyingi utakuta pia ukuta uliosimamishwa kwa jicho tu, huku timazi ikiwa imelala ndani ya mfuko wa fundi.

Wapo wasemao kwamba vipimo ni mambo ya mafundi na wahandisi, na kwamba raia wa kawaida kazi yake ni kulipa. Kauli hiyo naipinga kwa nguvu zangu zote. Asiyejua kupima hulazimika kuamini, na anayelazimika kuamini hudhulumiwa mchana kweupe akishukuru.

Tuanze na ardhi. Hapa Uganda tuna umiliki uitwao mailo, uliotokana na Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900. Jina hilo ni neno maili lililotoholewa, kwa kuwa ardhi iligawanywa kwa maili za mraba. Tazama basi: kipimo kimekuwa jina la haki, na bado wengi wetu tunanunua kiwanja bila kushika futi mkononi. Dalali anasema "hamsini kwa mia", nasi tunaitikia. Futi 50 ni takriban mita 15. Siku hizi wapo wanaozunguka kiwanja na simu wakidai wamekipima. Simu ya kawaida, hata chini ya anga wazi, huweza kukosea kwa mita tano hivi. Mita tano katika kumi na tano ni theluthi ya upana wa kiwanja chako! Mpimaji wa ardhi aliyesajiliwa hutumia vyombo vya kupokea mawimbi ya setilaiti vinavyokaribia usahihi wa sentimita, au theodolaiti yenye darubini ya kupimia pembe, kisha huyalinganisha mawe ya mpaka na ramani. Sikuambii umpokonye kazi yake. Nakuambia ujue cha kumwuliza: jiwe liko wapi, ramani inasemaje, na kwa nini havilingani?

Twende kwenye msingi. Kamba ikishafungwa kwenye vigingi, usiulize kama kona ni sawa, ipime. Kutoka konani, weka alama mita 3 upande mmoja na mita 4 upande wa pili. Umbali kati ya alama hizo usipokuwa mita 5, kona hiyo si pembe mraba. Unalijua jambo hili kutoka somo la hisabati, lakini nani alikuambia kwamba linaweza kuokoa fedha za mama yako?

Ukuta ukianza kupanda, tumia timazi, yaani uzito ulioning'inizwa kwa uzi. Uzi wake hufuata mvuto wa dunia, hivyo hauwezi kuhongwa wala kutishwa na cheo cha mtu. Kwa usawa wa mlalo tumia pimamaji, chombo chenye kiputo ndani ya kioo. Chombo hiki nacho kikague: kiweke juu ya ubao uliotulia, tazama kiputo kinaposimama, kisha kigeuze palepale, ncha ya kushoto iwe kulia. Kiputo kikihamia upande mwingine, chombo ni kibovu. Ikiwa huna pimamaji refu, mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uliojazwa maji bila mapovu, utakuonyesha usawa kutoka pembe moja ya nyumba hadi nyingine, kwa sababu maji katika ncha zake mbili husimama kimo kimoja.

Utaniambia kwamba sisi ni maskini, vyombo ni ghali. Theodolaiti ni ghali, naam. Uzi na jiwe si ghali. Mafundi wa Misri waliijenga piramidi ya Khufu, yenye pande za mita 230 hivi, zinazotofautiana kwa sentimita chache tu, bila hata kifaa kimoja cha umeme. Tunachokosa ni desturi ya kupima na ujasiri wa kusema, "Fundi, bomoa mstari huu, umepinda."

Mwaka 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Nilifurahi. Lakini Kiswahili kinachoishia kwenye salamu na ngeli hakitamlinda mtu mbele ya dalali. Timazi, pimamaji, kigingi, mshazari, wima, mlalo: maneno haya nayo ni Kiswahili, na asiyeyajua hawezi kuandika mkataba wala kulalamika akaeleweka.

Kwa hiyo, mwanafunzi wangu, kabla hujaandika insha nyingine juu ya ufa, funga jiwe kwenye uzi uende ukalining'inize kando ya ukuta wa darasa lako. Pima nafasi kati ya uzi na ukuta, juu na chini. Zikitofautiana, andika ni kwa sentimita ngapi, umpelekee mwalimu mkuu, kwa heshima na kwa Kiswahili sanifu.