1.5% Yako: Vile Korti, Bunge na Ikulu Zilivutana Juu ya Makato ya Nyumba

Kama umeandikwa, cheki payslip yako. Kuna ka-asilimia 1.5 hukatwa kabla doo ifike kwa akaunti. Kwa msee anayelipwa 40,000, hiyo ni soo sita kila mwezi, na mdosi anaongeza soo sita zake. Wengi wanajua inaenda kwa mradi wa nyumba za bei nafuu. Wale hawajui ni wengi pia: haya makato korti ilishawahi kuyaua, kisha yakafufuka. Ukifuata hiyo stori utashika rada vile mikono mitatu ya serikali hukabana, na penye hukwama.

Makato yaliingia na Sheria ya Fedha ya 2023, Rais Ruto alipotia sahihi Juni mwaka huo. Seneta wa Busia Okiya Omtatah na wengine wakakimbia kortini. Novemba 28, 2023, majaji watatu wa Mahakama Kuu wakasema makato ni kinyume cha Katiba. Sababu? Hayakuwa na msingi thabiti wa kisheria, na yaliwabana walioajiriwa pekee huku wa jua kali wakiachwa bila sababu ya maana. Januari 2024 Mahakama ya Rufaa nayo ikakataa kuyaruhusu yaendelee wakati rufaa inangoja.

Kipindi hicho moto uliwaka. Rais alilalamika hadharani kwamba kuna majaji wafisadi wanaoshirikiana na watu wa kuhujumu miradi yake. Mawakili wakaingia barabarani kutetea korti. Na hii haikuwa kelele tu. Korti haina jeshi, haina hazina. Bajeti yake inapitishwa na Bunge, amri zake zinatekelezwa na polisi walio chini ya serikali. Silaha yake ni moja tu: watu wakubali kwamba uamuzi ni uamuzi. Siku Ikulu itaamua amri fulani haituhusu, jaji atabaki na karatasi mkononi.

Lakini sikiza vizuri majaji walisema nini. Hawakusema kujenga nyumba ni makosa. Walisema sheria imeshonwa vibaya. Kwa hivyo Bunge ikarudi kushona upya, na Machi 19, 2024 Rais akatia sahihi Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu. Safari hii imeshika hadi mwenye biashara yake. Wasee wakarudi kortini tena, na Oktoba 2024 Mahakama Kuu ikasema hii ya pili iko sawa. Ndio maana bado unakatwa. Korti huuliza kama umefuata Katiba. Kama makato yenyewe ni poa ama ni mzigo, hiyo ni kazi ya wale uliwapigia kura.

Na hapo ndipo shida iko. Kifungu cha 95 kinaipa Bunge la Kitaifa kazi ya kuangalia serikali kuu. Juni 25, 2024, na mitaa imejaa vijana, wabunge 195 walipitisha Mswada wa Fedha, 106 wakakataa. Kesho yake Rais akakataa kutia sahihi, akaurudisha chini ya Kifungu cha 115. Ukisoma karatasi pekee, utasema mkono mmoja umezuia mwingine, mfumo unafanya kazi. Manze, huo mswada ulitoka Hazina ya Kitaifa, idara ya serikali hiyo hiyo ya Rais. Haukuzimwa na Ikulu kuchoka na Bunge. Ulizimwa na barabara, na kuna wasee hawakurudi nyumbani siku hiyo.

Bunge ikigeuka muhuri, raia anabaki na njia mbili: korti, ambayo inachukua muda, ama barabara, ambayo inaua. Wakati kesi ya makato inazunguka, pesa za mwananchi zilishakatwa miezi kadhaa.

So fanya hivi. Mswada wa Fedha hufika Bungeni kufikia Aprili 30 kila mwaka, na mwezi Mei kamati hupokea maoni ya wananchi kabla ya kura ya Juni. Kifungu cha 118 kinalazimisha Bunge kuhusisha raia, na sheria iliyopitishwa bila hivyo inaweza kuangushwa kortini. Hata maoni ya ukurasa mmoja yanaingia kwa rekodi, na wakili anaweza kuyatumia baadaye. Halafu uliza mhesh wako alipiga kura gani. Zikihesabiwa jina kwa jina, ziko kwa Hansard, si siri. Ukijua jibu mapema, 2027 hatakuchezea na fulana na unga.