Mama Mdogo Nyumbani, Mwalimu Shuleni

Usiku tulipomaliza kuitazama Another tulikuwa sita katika chumba kimoja cha homu, mbele ya kompyuta moja ambayo betri yake ilikuwa inakaribia kuisha. Katika sehemu ya 12, ambayo ndiyo ya mwisho, msichana Mei Misaki alipotaja mfu ni nani, rafiki yangu wa promosheni alisimama akasema kwa hasira: “Huyu mwandishi ametuiba!” Watatu wakamwunga mkono. Walisema mwisho wa namna hiyo si fumbo, ni udanganyifu, kwa kuwa mtazamaji hakupewa njia yoyote ya kuujua. Tulibishana mpaka kompyuta ikazima. Naandika kwa sababu sikumaliza kujibu, na kwa sababu naamini kwamba mwisho ule ni swali la lugha kabla ya kuwa swali la mizimu. Sisi wa kitivo hiki ndio tuliopaswa kuusikia mapema.

Nitataja mwisho wote. Ambaye hajaitazama, na anapenda kushtuka mwenyewe, aache kusoma hapa.

Another ni riwaya ya Yukito Ayatsuji iliyotoka Japani mwaka 2009. Studio ya P.A. Works iliigeuza kuwa katuni ya sehemu 12, ikiongozwa na Tsutomu Mizushima, nayo ikaonyeshwa mwanzoni mwa mwaka 2012. Kisa ni cha mwaka 1998, katika mji wa kubuni uitwao Yomiyama. Koichi Sakakibara, kijana wa miaka 15, anatoka Tokyo kuja kukaa kwa wazazi wa mama yake. Baba yake yuko India kwa utafiti; mama yake alifariki muda mfupi baada ya kumzaa. Anaingizwa katika darasa la 3-3, na darasa hilo lina laana.

Miaka 26 kabla yake, mwanafunzi mmoja aliyependwa na wote, jina lake Misaki, alikufa. Wenzake walikikataa kifo hicho kwa maneno. Walisema Misaki yupo, wakaendelea kuongea naye na kumwachia meza yake mpaka siku ya kumaliza shule. Picha ya darasa ilipopigwa, Misaki akaonekana ndani yake. Tangu hapo, katika miaka fulani, mtu mmoja aliyekwisha kufa hujikuta tena kati ya watu wa darasa hilo. Mwenyewe hajui kwamba amekufa. Wengine hawamtambui, kwa kuwa kumbukumbu za watu na hata karatasi za shule hubadilika ili apate nafasi. Mwaka ambao huyo wa ziada yupo, vifo huwaandama wanafunzi na jamaa zao wa karibu kila mwezi.

Tazama jinsi lugha ilivyo ndani ya kisa chote. Laana imezaliwa na sentensi moja: “Misaki yupo.” Dawa waliyoitafuta nayo ni ya lugha: darasa linamchagua mwanafunzi mmoja awe “asiyekuwepo”. Hasalimiwi, haitwi, hajibiwi, ili hesabu ya watu irudi kuwa sawa. Mwaka 1998 aliyechaguliwa ni Mei. Koichi, mgeni asiyeelezwa kitu, anamsemesha, na darasa zima linaogopa kwa sababu ya salamu moja.

Sasa tuje kwenye ugomvi wetu wa homu. Mfu ni Mikami, mwalimu msaidizi wa darasa. Na mwalimu Mikami ndiye Reiko, mdogo wa marehemu mama yake Koichi, ambaye kijana anakaa naye nyumba moja. Kwa sehemu 11 tumewahesabu kuwa wanawake wawili. Nyumbani Koichi anasema “Reiko-san”, shuleni anasema “Mikami-sensei”. Katuni haiwezi kuficha uso kama kitabu kinavyoweza, kwa hiyo inatumia nywele, nguo na sauti kumtenga wa nyumbani na wa kazini. Lakini kazi kubwa imefanywa na majina mawili.

Je, huo ni wizi? Nitasimulia jambo moja. Katika sekondari, baba yangu mdogo alikuwa mwalimu wetu wa Kifaransa. Kabla ya siku ya kwanza aliniambia: “Baba mdogo unamwacha kwenye lango la shule.” Nikamwacha. Miaka miwili nilimwita “Monsieur” kama wengine wote, na jioni nilimpokea begi nikimwita baba mdogo. Wenzangu walimsema vibaya mbele yangu, nami nikanyamaza. Walipogundua, mmoja aliniambia maneno yale yale ya rafiki yangu wa homu: umetudanganya. Lakini sikuwa nimesema neno hata moja la uongo. Kila mahali nilimwita kwa jina linalompasa mahali hapo. Nakiri kwamba nilijua ninachokificha, na Ayatsuji naye alijua. Hata hivyo mtu anayetumia heshima za lugha yake kama zinavyotakiwa hawezi kuitwa mwongo kwa sababu msikilizaji hakuuliza.

Tena, tulipewa njia. Katika miaka ya laana, meza moja hupungua darasani siku ya kwanza. Mwaka ule meza za wanafunzi zilitosha, wote wakapumua wakidhani wamepona. Hakuna aliyefikiri kuhesabu meza za walimu. Halafu yuko ndege wa nyumbani kwa babu na bibi, anayeiga maneno kama kasuku. Kila mara anasema “Rei-chan” na kuuliza “kwa nini?” Tulidhani anataja jina lake mwenyewe. Ukishaujua mwisho unaelewa kwamba anarudia kilio cha wazee waliompoteza binti yao. Laana ilibadilisha kumbukumbu za watu wote, ikasahau kinywa cha ndege. Kwangu hiyo ni dalili nzuri kuliko zote, nayo ilikuwa wazi kabisa: sauti ya msiba inasikika sebuleni tangu mwanzo, na sisi tunacheka.

Na mwandishi huyu si mara yake ya kwanza. Katika riwaya yake ya kwanza, ya mwaka 1987, wanafunzi wa chuo wanakwenda kisiwani wakiitana kwa majina ya utani, majina ya waandishi maarufu wa hadithi za upelelezi. Siri ya kitabu kizima imelala katika tofauti ya jina la utani na jina la kweli. Anayemsoma Ayatsuji inafaa aulize kila ukurasa: huyu anaitwa nani, na anaitwa hivyo na nani?

Jambo jingine lilinijia kesho yake, nikikumbuka tulivyokuwa tukibahatisha mfu ni nani. Sote sita tulisoma maandishi ya Kifaransa chini ya picha, lakini tulibishana kwa Kiswahili. Kifaransa kinamlazimisha mtu kuchagua: le mort au la morte, il au elle. Ukichagua cha kiume kwa mazoea, umempeleka msomaji kwa wavulana. Ukichagua cha kike, umefichua nusu ya siri. Kijapani hakina taabu hiyo, na Kiswahili pia hakina. Tulisema “aliyekufa”, “amekaa kati yao”, “hajijui”, na ile a- ya mwanzo haikumtaja mwanamume wala mwanamke. Tumezoea kusikia kwamba Kiswahili kinapungukiwa mbele ya kazi za kigeni. Hapa kinaishinda lugha tunayofundishwa kutafsiri kutoka kwake, wala hakihitaji msaada wowote.

Mahali pengine kinasema zaidi ya Kijapani chenyewe. “Reiko-san” ni jina na heshima tu, halitaji undugu. Kwetu, mdogo wa mama ni mama mdogo. Wengi wetu mjini tumeacha neno hilo, na shangazi pia tumemwacha; wote wawili wamekuwa “tantine”, sawa na jirani na mama muuza mkate. Nikipewa kazi ya kuitafsiri Another, nitaandika “mama mdogo” tangu sehemu ya kwanza. Siri haitavunjika, kwa sababu undugu huo haukufichwa. Lakini fikiria sehemu ya mwisho. Nyumba waliyokwenda kulala inaungua, mwalimu amelaliwa na vitu vizito nje, Mei ameshika sururu, na Koichi anamnyang’anya ili afanye mwenyewe. Kwa mara ya kwanza anamwita mwalimu kwa jina la nyumbani. Huyu ni mtoto asiyewahi kumjua mama yake, aliyekuwa akiutafuta uso wake katika uso wa Reiko. Kwa Kiswahili neno litakalomtoka kabla ya kupiga lina “mama” ndani yake. Mtazamaji wa Bukavu au Lubumbashi hatahitaji maelezo kuhusu uzito wa tendo hilo.

Hapa nafika kwenye jambo linalonisumbua. Rafiki yangu aliona kosa katika fumbo, mimi naliona kwingine. Katika sehemu mbili za mwisho, wanafunzi wanasikia kanda iliyoachwa na mwanafunzi wa zamani: laana hukoma ukimrudisha mfu kwenye mauti. Maana yake, umwue wa ziada. Usiku huo huo wanaanza kuuana. Kila mmoja ana hakika yake. Wengi wanamkimbiza Mei, kwa nini? Kwa sababu ni mpole, ana kitambaa jichoni, na kwa miezi kadhaa wamezoea kumwita asiyekuwepo. Walimfuta kwanza kwa maneno. Kumfuta kwa kisu kukawa rahisi.

Sisi tunaijua habari hii bila kompyuta. Kifo kinaingia katika familia, kisha kingine, na watu wanaanza kuuliza ni nani. Kidole hakiendi kwa mwenye nguvu. Kinakwenda kwa mtoto yatima aliyeletwa juzi, kwa bibi anayekaa peke yake, kwa yule asiyeongea sana. “Kikulacho ki nguoni mwako” ni methali nzuri, na pia nimesikia ikitumiwa kumtoa mtoto nyumbani. Sheria yetu ya ulinzi wa mtoto, ya Januari 2009, inamwadhibu anayemsingizia mtoto uchawi. Sheria ipo, na watoto wako barabarani.

Another inaonyesha vizuri kwamba karibu wote waliomnyooshea mtu kidole walikosea. Kisha inampa mtu mmoja jicho lisilokosea: jicho la Mei, lile la kioo, linaona rangi ya mauti juu ya mfu. Yeye anajua kweli, Koichi anamwamini, anapiga, na laana inakoma. Hadithi za kutisha zina haki ya kuwa na jicho kama hilo. Lakini nisingependa tutoke chumbani tukiwa tumekumbuka jicho tu. Kwetu wapo wanaodai kwamba wanalo, na wengine wanalitoza fedha.

Nikimtetea mwandishi, nitasema kwamba hakumpa Koichi faraja. Baada ya usiku ule wote wanakumbuka kwamba mwalimu Mikami alikufa zamani. Ni Koichi na Mei tu wanaobaki na kumbukumbu ya mwanamke aliyekuwa hai kati yao, nayo itawatoka pia. Hakuna wa kumshukuru wala wa kumlaumu. Reiko hakujua kwamba amekufa, hakumdhuru mtu kwa kusudi, alifundisha na kula nao mezani. Hata pale ambapo kidole kimegusa mwenyewe, aliyeuawa hakuwa na kosa. Kwangu mshtuko wa sehemu ya 12 uko hapo zaidi kuliko katika jina la mfu.

Kwa hiyo namjibu rafiki yangu hivi: hatukuibiwa. Tulisikia majina mawili, tukadhani watu wawili, ingawa kila mmoja wetu nyumbani anaitwa jina moja na hapa kitivoni jingine. Na kwa walimu wetu nina ombi dogo. Katika kozi ya tafsiri tunageuza kurasa za riwaya na hotuba, na hatujawahi kugusa maandishi ya chini ya picha, ambayo ndiyo tafsiri tunayoisoma kila usiku. Tupeni sehemu moja ya Another, dakika zisizofika 25, tuigawane watu sita. Tutagombana tena juu ya “Reiko-san”: mmoja ataandika Reiko, mwingine tantine. Mimi nimekwisha kusema nitaandika nini, na niko tayari kulitetea neno hilo mbele ya ubao.